Neno la Nne

Mimi nina mdomo, na sikatai. Mume wangu husema aliyeniumba alisahau kunifunga breki. Nimefundisha miaka thelathini na moja, ishirini na tisa kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa hesabu wa madarasa ya juu, na kila aliyepita mikononi mwangu ananijua kwa jina moja: Mama Rula. Si kwamba nilikuwa nachapa watoto. Rula yangu ya mbao, mita moja kamili, kazi yake ilikuwa kupiga ubao. Mwalimu mwingine huonyesha kwa kidole, mimi huonyesha kwa rula, na nikipandwa na mori rula hiyo husikika mpaka getini kwa mlinzi.

Mwaka jana mwalimu wa Kiingereza wa darasa la pili alikwenda likizo ya uzazi, akajifungua mapacha, hakurudi tena. Mkuu wa shule akanishusha mimi kwenye nafasi yake. Nasema akanishusha kwa sababu ndivyo nilivyoona siku ile. Mkuu mwenyewe nilimfundisha darasa la tano, alikuwa mtoto mwembamba wa kamasi, na sasa amekaa nyuma ya meza kubwa ananiambia, "Mwalimu, wale wadogo wanahitaji mtu mzima." Nikamjibu kwamba wale wadogo wanahitaji mtu mwenye subira, na subira duka langu liliishiwa zamani. Hakucheka. Nikachukua rula yangu nikaenda.

Sikutaka kuwapenda, lakini nifanyeje? Walikuwa thelathini na nane. Mtoto aking'oka jino usiku, asubuhi analileta limefungwa kwenye karatasi ili nilione mimi kwanza. Kuna mmoja tulimwita Chiriku kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo kwa dakika nzima. Kuna mwingine tulimwita Mzee. Alikuwa na miaka minane, ila alitembea taratibu, mikono nyuma, na ukimwuliza jambo alikutazama kwanza kama anayefikiria kukukopesha au kukunyima. Mwezi wa pili haujaisha, nilikuwa nikiamka asubuhi nikiwawaza. Madarasa ya juu sikuwahi kuyawaza kabla ya chai.

Basi tukafika kwenye vihusishi, yale maneno madogo ya Kiingereza yanayosema kitu kiko wapi. Nikajiambia hii ni kazi ya mchana mmoja. Nikachukua boksi la chaki na mpira wa tenisi, nikaandika ubaoni: "The ball is in the box." Chini yake: "The ball is on the box." Chini yake tena: "The ball is under the box." Nikaendelea hivyo mpaka ubao ukajaa. Nikawa nawasomesha neno kwa neno, rula ikigusa kila neno, na nikifika kwenye lile tulilokuwa tunalitafuta nagonga kwa nguvu, paa! Kisha mtoto anakuja na chaki analizungushia duara. Baada ya wiki moja walikuwa wanapata yote, wote thelathini na nane, hata Mzee. Nikaenda chumba cha walimu nikajisifu. Nilisema, na wapo walionisikia, kwamba Kiingereza kumbe ni chepesi, ni hesabu tu iliyovaa koti.

Jumatatu iliyofuata Mkuu akabisha hodi darasani na karatasi alizoandika mwenyewe. Sentensi kumi, kila mtoto azungushie duara neno linalosema kitu kiko wapi. Nikakaa pembeni nimekunja nne. Watoto wakafanya kwa dakika tano, wengine wakamaliza wakaanza kuchora maua. Mkuu akakusanya, akapitia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akanipa rundo lote.

Sentensi ya kwanza ilikuwa "My red ball is in the box." Walikuwa wamezungushia "is". Ya pili ilikuwa "The cat is sleeping under my father's chair." Walikuwa wamezungushia "sleeping". Wote. Karatasi thelathini na nane, duara mahali pale pale, kama wamegongewa muhuri.

Mkuu akanivuta mpaka mlangoni, lakini mlango ulikuwa wazi na watoto wana masikio. "Mwalimu," akasema, "nitarudi baada ya wiki tatu. Nikikuta hivi, darasa hili nitaliunganisha na la mwenzako jirani, na wewe utasimamia stoo ya vitabu mpaka ustaafu."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili." Akaitazama rula yangu kwa muda, kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. Kisha akaenda zake.

Stoo ile naijua. Ina dirisha moja dogo na harufu ya panya, na mwalimu wa mwisho aliyepelekwa huko aliishia kucheza karata na mlinzi na kusahau hata siku za juma. Mimi naweza kukaa bila mengi, lakini bila watoto wa kugombeza mimi ni nani? Nilisimama pale mlangoni, nikaogopa kweli kweli.

Nikarudi ndani nikamwita Chiriku. "Kwa nini umezungushia hili?"

"Ni la nne, Mwalimu."

"La nne la nini?"

"Neno la nne. Moja, mbili, tatu, nne." Akahesabu kwa kugonga dawati. Moja, mbili, tatu aligonga polepole. Ya nne aligonga paa.

"Nani kawafundisha hivyo?"

Wengine thelathini na saba wakaangalia madawati yao. Mwishowe Chiriku akasema kwa adabu zote, "Wewe, Mwalimu."

Nikageuka nikautazama ubao wangu. "The ball is in." "The ball is on." "The ball is under." Kila sentensi niliyoandika wiki nzima, neno lilikuwa la nne. Na kila nilipolifikia niliwagongea, wasije wakapotea. Mwalimu wa hesabu nimewafundisha watoto kuhesabu mpaka nne, nikaita Kiingereza.

*

Nyumbani nikiwa na hasira huwa nafanya usafi. Siku ile nilisogeza hata visivyosogezwa. Tunaishi na mama mkwe wangu, mama wa mume wangu, na macho yake yameshakwisha, anaona mwanga na kivuli tu. Alikuwa bafuni. Nikachukua kimeza chake nikakipeleka ukuta wa pili nipige deki, chupa ya chai nikaihamisha kutoka kushoto kwenda kulia, redio yake nikaipandisha juu. Niligombana na vyombo kama vyenyewe ndivyo vilivyonipeleka stoo.

Mama akatoka bafuni, akapiga hatua zake nne kutoka mlangoni, akakaa, akanyoosha mkono kama anavyofanya kila jioni. Kikombe changu ndicho kilichokuwa pale, nimekiegesha kwenye mkono wa kiti chake. Chai ikammwagikia mapajani. Bahati nzuri ilikuwa imepoa.

Hapo niwaambie kitu. Mama mkwe akinipenda huniita mwanangu. Akinikasirikia huniita mke wa mwanangu.

"Mke wa mwanangu," akasema, "nyumba hii imehama?"

"Samahani, Mama. Nilikuwa nasafisha."

"Redio yangu iko wapi?"

"Hiyo hapo, Mama."

"Hapo wapi?"

"Hapo, Mama, si hapo tu."

"Hapo ni neno la watu wenye macho. Mimi nataka neno la kunifikisha." Akajipangusa khanga yake. "Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye simu ya hospitali. Mtu anapiga analia, leteni gari haraka, mgonjwa yuko hapa. Hapa wapi, baba? Hapa nyumbani. Sasa dereva aende nyumbani kwa nani? Namwambia nyamaza, vuta pumzi, niambie: nyuma ya nini, mbele ya nini, kati ya nini na nini. Akisema, gari linafika. Asiposema, hata akilia ndoo nzima, gari halifiki."

Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha deki kinachuruza maji, nimemkodolea macho. Hatua nne. Mama naye alikuwa akihesabu, kama darasa langu, na nilipohamisha meza hesabu yake ikamtupa. Hesabu ile ilikuwa inajua nyumba ya jana tu.

"Redio iko juu ya kabati, Mama," nikasema polepole. "Nyuma ya kapu la nguo."

Akainuka. Mkono ukapata kabati, ukapanda juu, ukagusa kapu, ukazunguka nyuma yake, ukatoka na redio. Hakuuliza mara ya pili.

"Umeona?" akaniambia, yeye asiyeona. "Sasa rudisha kimeza changu kilipokuwa, kabla sijamwita mwanangu."

Nilikirudisha nikicheka peke yangu. Mume wangu aliporudi kazini alinikuta naimba jikoni, akauliza kama nimepandishwa mshahara.

*

Kesho yake nikaiweka rula juu ya kabati la darasa, nikafuta ubao wote, nikafungua mkoba nikatoa mtandio wangu wa bluu. Nikamfunga Chiriku macho. Kifutio cha ubao nikakiweka chini ya kiti changu. Nikawaambia wengine: mpelekeni mwenzenu mpaka akipate, kwa Kiingereza, na mikono mfukoni. Atakayesema "there" atakaa chini.

Wote wakasema "there". Darasa zima likakaa chini. Chiriku akaenda na "there" zao akagongana na mlango.

Tukaanza upya. Mmoja akapata akili, akapiga kelele, "Under!" Chiriku akapiga magoti akaingia chini ya dawati la kwanza, la pili, la tatu, alitambaa chini ya madawati ya darasa zima huku wenzake wakicheka mpaka wanashika mbavu. Alipotoka upande wa pili alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa amekasirika. "Chini ya nini?" akasema. "Semeni chini ya nini." Ilibaki kidogo nimpe kazi yangu.

Ndipo msichana mmoja wa mbele aliposema yote kwa pumzi moja: "The duster is under the teacher's chair." Chiriku akaenda moja kwa moja, akainama, akakipata.

"Neno gani limekuinamisha?" nikamwuliza.

Akafikiri na kitambaa chake usoni. "Under."

"Siyo teacher? Siyo chair?"

"Hayo yamenifikisha kwenye kiti, Mwalimu. Lakini lililoniinamisha ni under."

Kuanzia siku hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Neno gani limekuinamisha, neno gani limekunyoosha mkono, neno gani limekuzungusha nyuma. Sentensi nikazifanya ndefu, nikazifanya fupi, nikaweka mende, nikaweka tembo, nikamweka Mkuu juu ya kabati. Walipokwisha kuzoea, tukaacha mtandio. Mtoto anasoma sentensi, anafumba macho mwenyewe, anajiuliza neno lipi linampeleka, kisha anafumbua na kulizungushia duara. Mwalimu kijana wa darasa jirani alichungulia siku moja akauliza kama kuna msiba huku kwetu. Nikamwambia kuna Kiingereza.

Wiki mbili zikapita, na roho yangu ikaanza kutulia. Kisha nikamwona Mzee.

Alikuwa amekaa nyuma kabisa, dawati la mwisho kando ya kabati. Alifumba macho kama wenzake. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya dawati, na kidole gumba kilikuwa kinagusa vidole vingine kimoja kimoja. Moja, mbili, tatu, nne. Nikaangalia daftari lake. Neno la nne, neno la nne, neno la nne, kurasa tatu nzima. Wenzake walikuwa wameshavuka mto, yeye bado yuko ng'ambo anahesabu.

Nikachuchumaa kando yake. Magoti yangu yalilia, hayajazoea. "Mzee, kwa nini bado unahesabu?"

Akanitazama kwa muda wake wa kawaida. "Nikihesabu hukasiriki, Mwalimu."

"Nani, mimi?"

"Wiki ile tulikuwa tunahesabu, ulikuwa unafurahi." Akashusha sauti. "Nikikosea utapiga ubao."

Jamani. Nimeambiwa mengi katika miaka thelathini na moja, na wazazi, na wakaguzi, na walimu wenzangu, na yote nimeyajibu. Hilo nililikimbia. Nikamwambia naenda kutafuta chaki, nikatoka, nikasimama nyuma ya choo cha walimu nikalia. Kumbe yule mtoto hakushindwa kuelewa. Alielewa vizuri sana, ila alichokuwa anakisoma si sentensi, ni uso wangu.

Jioni nikamsimulia mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, redio imezimwa, ambalo si jambo dogo.

"Nipeleke kesho," akasema.

"Ukafanye nini, Mama?"

"Nikakae. Hapa nyumbani nimechoka kusikiliza bomba linavyodondosha maji."

*

Akavaa viatu vyake vya kazi, vile vyeusi vya kufunga kamba, ambavyo hakuwa amevivaa tangu astaafu. Nikamkalisha mbele, kwenye kiti changu. Watoto wakamsalimia kwa Kiingereza, naye akawaitikia kwa ile sauti yake ya simu ambayo hata mimi niliisikia mara chache: "Good morning. Which service do you require?" Watoto wakatazamana. Bibi wa watu, kichwa cheupe, na Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba.

Nilikuwa nimepanga mchezo, nimepanga na sentensi. Sikupata nafasi. Mama alipojaribu kuvuta kiti, fimbo yake ikamponyoka. Sakafu ya darasa letu ina mteremko kuelekea nyuma, fundi aliyeimwaga sijui alikuwa anatazama wapi, na fimbo ikabingirika chini ya madawati, ikapita miguu ya watoto, ikapotea huko nyuma.

Nikapiga hatua nikaichukue. Mama akainua kiganja. "Kaa hapo ulipo, mke wa mwanangu."

Kisha akageuza uso kuelekea darasa. "Hello, caller," akasema. "Where is my stick?"

Watoto wakainama, wakachungulia. Wa mbele hawakuiona. Wa katikati hawakuiona. Chiriku alifungua mdomo akaufunga, siku ya kwanza katika historia. Mimi niliijua ilipo kwa sababu nilimwona Mzee anaitazama. Imeingia kule kwenye kona yake, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na pembe ya kuiona.

Mzee akaitazama fimbo. Akanitazama mimi. Mkono wa kushoto ukashuka chini ya dawati.

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kumwambia sema, mwanangu, usiogope, sikuli. Lakini naijua sauti yangu, hata ikibembeleza inaamrisha. Basi nikafanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kazini. Nikageuka nikawapa mgongo, nikautazama ubao, nikanyamaza. Kwangu mimi kunyamaza ni sawa na kubeba gunia la saruji.

"Caller?" Mama akasema tena, taratibu kabisa. "I am still on the line."

Kisha sauti ndogo ikatoka nyuma, inakwama, inaendelea.

"Grandmother, your stick is... is between... the cupboard and the wall."

Nikasikia kiti kinasukumwa. Nikasikia viatu vile vya kamba vinapita kati ya madawati bila haraka, mkono unagusa dawati hili, dawati hili, mpaka mwisho. Hapo nikashindwa, nikageuka. Mama alikuwa ameshika kabati kwa mkono wa kulia na ukuta kwa mkono wa kushoto. Akainama katikati yake. Akainuka na fimbo.

"Thank you, caller," akasema. "Your line is very clear."

Darasa likalipuka. Mzee hakucheka, alikuwa anatazama mikono yake kama ameikuta mahali. Nikamwendea, nikachuchumaa tena, magoti yakalia tena.

"Neno gani limemfikisha bibi?"

"Between," akasema. Vidole vyote vilikuwa juu ya dawati, na havikugusana.

Njiani kurudi nyumbani mama mkwe alinishika mkono. "Yule mtoto angefaa kwenye simu," akasema. "Hakulia. Umenisikia, mwanangu?" Nikamwambia nimesikia.

*

Jumatatu ya tatu Mkuu akaja. Karatasi mpya, sentensi tisa na nafasi ya kumi ambapo mtoto aandike sentensi yake mwenyewe na kulizungushia duara neno lake. Nikachungulia moja. "Under the old table my dog is eating a bone." Neno lenyewe amelitupa mwanzo kabisa. Nilitaka kumwuliza kama anapima watoto au ananitafuta mimi ubaya. Nikauma ulimi. Nilishaanza kuuzoea.

Watoto wakasoma sentensi ya kwanza, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakafumba macho. Watoto thelathini na nane, penseli mkononi, macho yamefungwa, wengine vichwa vinainama, mmoja amenyoosha mkono juu kama anachukua kitu kwenye rafu.

"Wanalala?" Mkuu akaninong'oneza.

"Wanatafuta," nikamwambia.

Wakafumbua, wakazungushia, wakafumba tena. Safari hii hakuna aliyechora maua. Mkuu akaondoka na karatasi, nami nikamaliza vipindi vya siku ile bila kujua nafundisha nini. Saa nane akaniita ofisini. Nilipita mbele ya stoo ya vitabu, kufuli limefunguliwa, mtu ameshapangusa vumbi.

"Kaa, Mwalimu." Alikuwa na rundo la karatasi mbele yake. "Ishirini na tisa wamepata zote. Saba wamekosa moja au mbili. Wawili wamekosa nyingi, mmoja wao amezungushia mbwa kila alipomkuta."

"Huyo namjua. Anampenda mbwa."

Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Hukuniuliza nilijuaje."

"Ulijuaje nini?"

"Siku ile ya kwanza. Kwa nini niliandika sentensi ambazo neno si la nne. Wiki nzima nilikuwa naisikia rula yako mpaka huku ofisini, moja, mbili, tatu, paa." Akavua miwani. "Mwalimu, darasa la tano ulikuwa unatusomea maswali ya kuchagua. A, B, C, D, rula inagusa ubao kila herufi. Kwenye jibu la kweli ilikuwa inagonga zaidi. Wewe hukujua. Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Mwaka mzima nilikuwa wa pili kwa hesabu. Mtihani wa mwisho haukuwa na rula, nikapata sita kati ya hamsini. Baba yangu alidhani wamechanganya majina."

Miaka ishirini na tisa. Nilianza kuwahesabu wote waliopita, nikashindwa, nikamwona mmoja tu, yule mwembamba wa kamasi, amekaa anasikiliza rula yangu kwa makini yote, na mimi nikimsifu mbele ya wenzake kwamba ana kichwa.

"Nisamehe," nikasema. Neno hilo kinywani mwangu lilikuwa na kutu.

"Ningekuwa sijakusamehe nisingekupa wiki tatu. Ningekupa ufunguo wa stoo siku ile ile." Akavaa miwani yake. "Tena si kwamba nilikuwa nimeamua. Asubuhi hii nimewaambia waifungue, waipanguse. Mpaka saa sita nilikuwa bado sijui. Kisha nikafika kwenye hii."

Akachomoa karatasi moja akaisukuma kwangu. Mwandiko niliujua, herufi kubwa, zimekaa mbali mbali, hazina haraka. Tisa za kwanza zilikuwa na tiki za Mkuu. Kwenye nafasi ya kumi Mzee alikuwa ameandika sentensi yake:

"My angry teacher is in our class."

Nikahesabu, sikuweza kujizuia. Lilikuwa neno la tano. Alikuwa amelizungushia duara zito, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka.

"Hii ya kumi sijaisahihisha," Mkuu akasema. "Nikikupeleka stoo itakuwa si kweli."

Nilitaka kusema kitu kuhusu hilo neno la pili, nikaona nikisema nitakuwa nimemthibitishia. Nikajifuta macho kwa mtandio wangu wa bluu, ambao bado ulikuwa na vumbi la nyusi za Chiriku.

"Basi mpe alama yake," nikamwambia. "Huyo hahesabu."

Mkuu akachukua kalamu nyekundu, akaweka tiki.